Marahaba Niliyoimeza

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki nikaacha shule darasa la tatu. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenilisha. Nilivunja kokoto, nikabeba magunia, nikalinda maghala, mpaka nikafika Doha, Qatar, kulinda mlango wa mnara mmoja wa West Bay, kifua kama kabati. Nayasema haya ujue ni mtu wa namna gani aliyeaibika.

Mwaka 2012 Mmarekani mmoja mwenye ofisi ghorofa za juu aliutazama mwili wangu akaona unapotea bure. Akaniingiza kwenye timu yake ya mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa kwa mkono. Tulicheza Ijumaa asubuhi, kabla jua halijakasirika, kiwanja cha Al Thumama. Haukuwa ule wa kofia ngumu na kuangushana. Kila mtu ana utepe kiunoni, ukiuvuta, umemkamata. Niliwekwa katikati, nyuma ya wale wanaokabana mbele. Aliyejaribu kupita kwangu na mpira mkononi, utepe wake nilibaki nao.

Taabu ilikuwa mpira ukirushwa juu. Hapo mtu wa kati anatakiwa arudi nyuma, alinde eneo lake, amsome mrushaji macho, na mkimbiaji mwepesi akimpita amwachie mwenzake wa nyuma. Kocha, yule yule Mmarekani, alinieleza mpaka akachoka.

"Kocha, mimi kazi yangu simwachii mtu," nikamjibu. Nikawa nawafukuza wepesi mguu kwa mguu. Na miaka yangu arobaini na nane!

Siku ya kucheza na wahudumu wa hoteli, niliwaita Watanzania wenzangu wa Muaither, mtaa tuliokuwa tunakaa, waje waone. Wakaja, wakakaa pembeni na chupa za chai. Mpokeaji wao wa mipira, aliyesimama mbele yangu, alikuwa kijana wa Unguja, mwembamba kama ufito. Kabla mpira haujaanza, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikasema, na sijafunga mdomo alishanipita. Akadaka, akafunga.

Mara ya pili vilevile. Shikamoo, marahaba, vumbi. Watu wangu wakavunjika mbavu.

"Mzee, mlango umeuacha wazi!"

"Mdai kitambulisho kwanza!"

Bado tulikuwa mbele kwa pointi chache, na muda unaisha. Kocha akanijia amekunja uso. "Akikupita tena, unatoka."

Nitoke, mbele ya watu niliowaita mwenyewe! Nikajiambia huyu kijana ananichezea, shikamoo yake ni mtego.

Tukapangana tena.

"Shikamoo, mzee."

Nikamkazia macho. Nikanyamaza.

Mpira ukaanza, naye hakuondoka. Alisimama ananitazama, uso umemwanguka. "Mzee, nimekukosea?" Mrushaji wao alikwisha kuurusha kule alikozoea kumkuta, na mwenzangu wa nyuma akaudaka bila jasho. Mchezo ukaishia hapo. Wamarekani wa timu yetu wakanipigapiga mgongoni, wakaimba.

Pembeni hakuna aliyepiga hata kofi. Fundi bomba mmoja, rika langu, alimwaga chai yake mchangani. "Kwa mpira tu, ndugu yangu? Salamu ya mtoto wa watu?"

Kijana alikuja kunipa mkono kama wanavyofanya mwisho wa mchezo. "Habari yako, bwana," akasema. Bwana. Kama tumezaliwa siku moja. Nikaupokea mkono wake. Nafasi yangu ilibaki salama, kocha hakunitoa. Kwenye basi la kurudi Muaither siti ya pembeni yangu ilikaa tupu, na watu walikuwa wamesimama.

Nilicheza misimu miwili zaidi. Nikajifunza kurudi nyuma na kumwachia mwenzangu. Yule wa Unguja nilimtafuta kila Ijumaa. Timu yao ilikuja, yeye hakuja.

Leo nimerudi Tanzania, nina nyumba ya matofali ya vyumba vinne, mashine ya kusaga mahindi, ng'ombe saba, shamba la michungwa, na jezi ya buluu yenye namba mgongoni. Jezi siivai.