Msimamizi Aliyepiga Makofi na Kukataa

Amekufa yule msimamizi wa kisiwa. Habari nilizipata bandarini, Jumatano asubuhi, kwa akina mama wanaoshusha mikungu ya ndizi kutoka kwenye boti za upande wa Kalehe. Siku hiyo walishuka mikono mitupu. Mmoja wao aliponiona nimesimama na kikapu changu aliniambia tu: "Papa Jeran alituacha jana. Leo hatukukata kitu." Nilirudi nyumbani na kikapu kitupu, na tangu saa ile nina hasira ambayo sijui nimwelekezee nani. Kwa hiyo naileta kwenye safu hii, kama kawaida yangu, nanyi mtanivumilia.

Jeran ndivyo tunavyomwita hapa kwetu mtu anayesimamia mali ya mwingine. Mali yenyewe ni kisiwa kidogo ziwani Kivu, chenye kahawa, migomba, kanisa la udongo, na nyumba moja kubwa ya mawe ambayo baraza lake linatazama maji. Mwenye kisiwa ni mtu wa ukoo wa kifalme. Babu yake alipewa kisiwa na mwami, yaani mfalme, baba yake akakirithi, na yeye akakirithi akiwa Ulaya, alikokwenda kusoma akiwa kijana na ambako ameota mvi. Kila alipoulizwa lini atarudi kutunza mali yake, jibu lilikuwa lile lile: nchi ikitulia, nitakuja. Sisi wengine hatukupewa nafasi ya kungoja nchi itulie. Tumeoa humo humo, tumesomesha watoto humo humo, tumezikana humo humo, na kisiwa chake kimelimwa, kimepaliliwa na kuvunwa na watu ambao hawakungoja chochote.

Marehemu hakuwa mzaliwa wa kisiwa. Alizaliwa Sange, kule bondeni Ruzizi, akasomea kilimo, akaajiriwa na baba wa huyu bwana tuliye naye sasa. Sitampamba kwa sababu amekufa. Alikuwa mkali, mwenye majivuno, na koti lake la kahawia halikumtoka mwilini hata jua likichoma namna gani. Alisahihisha Kifaransa cha mapadri mbele ya waumini wao. Sikuwahi kumsikia akikiri kwamba amekosea, na nilimfahamu kwa miaka mingi. Kila wiki alipovuka kuja Bukavu tulikaa kwenye kibanda kimoja cha chai karibu na bandari, tukabishana mpaka mwenye kibanda akaanza kukusanya vikombe kwa makusudi.

Siku moja nilivuka naye kwenda kisiwani. Tulikuwa kwenye meza za kuanikia kahawa, anamgombeza mtu kwa sababu ya punje mbovu, simu yake ikalia. Akatazama nani anapiga. Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akavua kofia, akaiweka simu mezani juu ya kahawa na kuifungua sauti. Halafu akapiga makofi, polepole, akiwa ameinamisha kichwa, kama tunavyosalimia damu ya kifalme tangu enzi za mababu. Alikuwa anaipigia makofi simu! Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha.

"Sikia," ilisema sauti kutoka Ulaya, "ile migomba yote ya upande wa ziwa, mukate. Kuna mutu anakuja kununua, anataka kujenga hoteli. Na bale batu, ubaambie batoke mbele mvua ianze."

"Mwana wa Mwami, nimekusikia muzuri," alijibu. "Mungu akupe maisha murefu. Lakini ile sitaifanya."

"Namna gani hautaifanya? Mi njo patron, mi njo mwenye kisiwa!"

"Ndiyo, weye njo patron. Sitaifanya."

Akapiga makofi tena ya kuagana, akakata simu, akavaa kofia, akaendelea kugombana na yule mtu wa punje mbovu pale pale alipokuwa ameachia. Mimi ndiye niliyebaki nimeduwaa. Nilimuuliza kwa nini anampigia makofi mtu ambaye hamtii. Alinitazama kama mwanafunzi aliyerudia darasa. "Makofi iko ya babu yake," aliniambia. "Ile 'hapana' njo yake ye mwenyewe."

Niwaeleze jambo moja wasomaji wangu mliozaliwa juu ya saruji, kwa maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Katika desturi ya Bushi, nchi yetu hii, kuna ardhi ya kalinzi na kuna ardhi ya bwasa. Kalinzi ni pale ulipompa mwenye ardhi ng'ombe, akapokea, akanywa na pombe uliyomletea mbele ya watu: shamba ni lako na la watoto wako, unapanda migomba, unazika wazazi wako ndani yake. Bwasa ni kuazimwa. Unapanda maharage, unavuna, unatoka. Mtu wa bwasa hapandi mgomba, kwa sababu mgomba hauondoki na msimu. Wakazi wa kisiwa wanasema wazee wao walitoa ng'ombe wa kalinzi. Lakini ng'ombe wale waliliwa zamani, mashahidi wamekwisha kulala udongoni, na bwana wa Ulaya anasema yeye hakuona ng'ombe yeyote, kwa hiyo wote ni watu wa bwasa na wote wanaweza kutolewa kama maharage. Mjane wa kisiwani ataanzia wapi kushindana naye?

Msimamizi aliliona hilo mapema kuliko wote. Amri yake ya kwanza alipokabidhiwa kisiwa ilikuwa kila nyumba ipande migomba, na aliyechelewa alitukanwa Jumapili nje ya kanisa, watoto wake wakisikia. Watu walidhani ana wazimu wa ndizi. Yeye mwenyewe hakupanda hata mmoja. Alipoulizwa alisema kwamba jeran ni mutu wa bwasa, kazi ikiisha anatoka. Ndizi zake alizinunua kwa majirani, na bei aliigombania kama sisi wengine.

Basi bwana akaja. Alikuja kweli, na suruali nyeupe, akifuatana na mnunuzi wa kisiwa, mfanyabiashara wa hapa mjini, mzaliwa wa Walungu, humu humu Bushi. Nami nilialikwa, kwa sababu marehemu alipenda kushuhudiwa. Watu walipanga mistari uwanjani, wakapiga makofi, kisha ikaletwa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Hapo ndipo nilipoona kitu cha ajabu. Pombe haikutoka kwenye chombo kimoja. Kila nyumba ilileta kibuyu chake, na msimamizi, koti limefungwa vifungo vyote, alisimama pembeni ya kiti cha bwana na kutangaza kila kibuyu kinapomiminwa: "Hii inatoka kwa ndizi za maman mujane, shamba ya ku mwamba. Hii inatoka kwa ndizi za katekista, shamba ya nyuma ya kanisa." Bwana alionja, akafurahi. "Ah, hii iko muzuri kabisa!" alisema. "Hii inapita ile ya kwanza!" Alikuwa na kiu ya nyumbani, maskini, na nadhani alikuwa na furaha ya kweli. Lakini yule mnunuzi wa Walungu alikishika kikombe chake magotini na hakukipeleka mdomoni hata mara moja.

Vibuyu vilipokwisha, bwana alisimama akawaambia watu kwamba yeye anawapenda, lakini wao ni wa bwasa, na wakati wao umefika. Akainuka yule mama mjane mwenye kibuyu cha kwanza, mwanamke mfupi mwenye sauti nene kuliko yangu. Alipiga makofi kwanza.

"Mwana wa Mwami, tunakusalimia. Mutu wa bwasa, ndizi anatoaka wapi? Umekunywa pombe ya mashamba yetu, moja moja, na majina yake, mbele ya batu bote, na umesema iko muzuri. Babu yako alikunywaka vile vile, siku alipokea ng'ombe."

Bwana alicheka, akamgeukia mnunuzi ili wacheke pamoja. Mnunuzi aliweka kikombe chake majanini, kimejaa pomoni.

"Patron, mi sikukunywa," alisema. "Lakini weye, ulikunywa. Mi nanunuaka udongo. Sinunuaka batu na makaburi yabo." Akaomba boti.

Boti ilipoondoka, pale pale gatini bwana alimfukuza kazi msimamizi wake, kwa sauti ya kusikika Kalehe. Marehemu alipiga makofi. "Nimesikia, Mwana wa Mwami. Kesho tunaanza kupogoa kahawa." Na kesho yake walianza kupogoa kahawa. Alifukuzwa tena kwa simu, na tena, kila mara koti limefungwa na kofia iko mkononi. Alitumiwa hata mtu wa kushika nafasi yake, ambaye hakukuta mtu wa kumpa maji ya kunywa, akaondoka na boti ile ile iliyomleta. Na wakati wote huo, sehemu ya kahawa ya bwana ilifika Ulaya kila msimu, nzima, bila kunyofolewa. Hilo ndilo lililotugombanisha zaidi pale kwenye kibanda cha chai. Nilimwambia yeye ni mtu gani, anafukuzwa na bado anamlisha aliyemfukuza. Alikasirika mpaka akamwaga chai. "Nikiiba hata kilo moja," alisema, "batasema nilikataa juu ya tumbo yangu!"

Nimelifikiria neno hilo wiki nzima nikipita Ibanda. Tembeeni nanyi siku moja kwenye rasi zetu zile, mtazame nyumba zilizofungwa madirisha, bustani zinazomwagiliwa kwa ajili ya mtu asiyekuja, na mlinzi getini anachoma hindi lake. Kisha inueni macho mtazame milima ambako sisi wengine tumejenga, nyumba juu ya nyumba, ambako kila mvua kubwa inaondoka na ukuta wa mtu. Mji huu una wenyewe wengi walio mbali na wakazi wengi wasio na kwao. Wale wa mbali wana simu, na simu zao zinatosha kuhamisha watu. Imekuwa hivyo kwa sababu huku upande wa pili kuna mtu anayeitikia ndiyo. Ni mlinzi, ni msimamizi, ni binamu mwenye funguo, na mara nyingi ni mtu mwema anayejitetea kwamba yeye ametumwa tu. Mimi nimechoka na watu waliotumwa tu. Nawaambia waziwazi, na kama mmoja wenu anasoma huku amekaa kwenye baraza la mtu, namwambia yeye hasa.

Nilivuka kwenda kuzika. Kisiwani nilikuta ugomvi. Bwana alikuwa amempigia simu katekista: mpelekeni kwao Sange, asizikwe kwenye kisiwa changu. Njia ya Sange siku hizi ina watu wenye bunduki, kila mtu anaijua, na kule hakuna ndugu yake aliyebaki. Lakini si hilo walilogombania. Mtu huzikwa shambani kwake, penye migomba yake, na marehemu kwa ukaidi wake hakuwa na mgomba hata mmoja duniani. Basi kila nyumba ilimtaka kwake. Watu wazima walikuwa wanashikana mashati, huyu akidai alifundishwa naye kupanda, yule akidai alitukanwa naye zaidi ya wote, kwa hiyo ana haki. Nililia hapo, sioni aibu kusema.

Mama mjane hakubishana na mtu. Alikwisha kwenda shambani kwake na panga, akakata migomba yake ya mbele, ile iliyokuwa na mikungu, kupata nafasi ya kaburi. Tulipoisikia inaanguka, ugomvi ukaisha.

Koti la kahawia lilitandazwa juu ya jeneza. Katekista alikuwa katikati ya sala simu ilipolia ndani ya mfuko wa koti. Hakuna aliyetaka kuigusa. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Mama mjane akajifuta udongo kwenye kitenge, akaitoa, akaiweka juu ya jeneza na kuomba aoneshwe namna ya kuifungua sauti. Kisha akapiga makofi, polepole, kichwa kimeinama, na sisi wote tukapiga pamoja naye.

"Alo?" ilisema sauti ya Ulaya. "Nani iko pale? Nani sasa iko jeran?"

"Mwana wa Mwami, tunakusalimia," alisema mama. "Jeran iko hapa kwangu. Hatoki."

Tukamshusha.

Nimerudi mjini na funzo moja tu, nalo ninawapa kama nilivyolipata. Kumheshimu mtu ni jambo moja na kumtii ni jambo jingine, na anayeyachanganya ndiye anayehamishwa. Itakapolia simu yenu, kwa maana italia, fungeni vifungo vya koti, pigeni makofi kwa adabu yote mliyofundishwa na wazazi wenu, halafu kataeni. Lakini leo, kabla haijalia, pandeni migomba.