Bafu la Mke Mwenzangu

Bibi yangu aliniita mke mwenziwe. Ndio utani wetu: mjukuu na bibi wanamgombea babu, na kwa kuwa babu alishafukiwa zamani, tulikuwa tukigombea kaburi. Macho yake yalipozimika, alibakiwa na fahari moja tu, kuoga mwenyewe. Hakutaka hata kushikwa mkono. "Siku nitakayooshwa na watu," alisema, "nitakuwa siwasikii."

Sasa bafu letu la uani, ambalo ndilo choo pia, lilikuwa aibu. Makuti yameoza, sakafu inateleza kama kambale, pipa la maji limekaa mahali pa kumvunja mtu goti. Na tangu vita vya kudai uhuru vianze, malori ya askari wa Kireno yalipita barabara ya nyuma, na askari aliyesimama juu ya lori aliona mpaka rangi ya sabuni yetu. Bibi akiyasikia, haogi siku hiyo.

Baba, mwanawe mkubwa, akaamua kulijenga upya. Ukuta wa mawe na chokaa, mrefu. Jiwe pana la kukalia. Mtungi mkono wa kulia, na kata juu yake. Kamba ya usumba kutoka mlango wa bibi hadi bafuni, aifuate kwa vidole. Mie nilikandika chokaa nimevaa nguo za escola, za shule. Mwalimu akaniuliza kama siku hizi tunalala tanurini.

Siku ya kwanza bibi akaingia. Nikasimama nje, nikakohoa. Bafuni hatusemi, tunakohoa tu, mtu ajulikane yupo. Hakujibu. Akatoka mkavu.

"Nani kaweka vikanyagio vya choo?"

"Mimi, mama," baba akasema.

"Jua la asubuhi linanipiga shavu la kulia. Umenichuchumaza nielekee kibla, na chooni ni mwiko! Na mdogo wako yuko huko huko."

Baba mdogo alivuka Ruvuma kwenda Tanganyika, na hatukujua kama yu hai. Kibla chetu ni kaskazini, kwa hiyo bibi alimwombea bila hata kugeuza mkeka. Baba alikuwa amejenga akiitazama barabara tu.

"Mke mwenzangu," nikasema, "si ungekaa upande?"

"Wee! Nikae upande, nianguke, unibebe?"

Baba hakucheka. Alichukua mtaimbo, akang'oa vikanyagio, akavigeuza.

Ndipo bibi akaoga. Alioga mpaka mtungi ukalia mtupu. Akakohoa, nikakohoa, akakohoa tena, tukawa kama kuku wenye kideri. Nilimsikia akicheka mle ndani, yeye aliyetukataza kusema.

Chokaa haijakauka vizuri, serikali ikatuamuru sote tuhame, twende kwenye aldeamento upande wa Awasse, kijiji cha seng'enge chenye askari mlangoni, ili tusiwalishe wapiganaji. Baba aliupiga ukuta kofi, kama mtu anayemuaga ng'ombe. Bibi akaifungua kamba yake, akaikunja kifuani.

Kule choo kilikuwa handaki la watu wote, na pa kuogea ni kanga zilizoshikwa na wanawake. Kamba haikuwa na pa kufungwa. Mama akamshika bibi kwapa moja, mie jingine. Mwepesi, mifupa mitupu. Nikakohoa.

Bibi hakukohoa. Alisema, na mahali penyewe ndipo tusiposema:

"Nawasikia, mke mwenzangu. Bado nawasikia."

Nikachota maji, nikammwagia.