Funga ya Nasiha

Tangu mume wangu aende Muskati kikazi na binti yangu mkubwa aolewe Lamu, nyumba yetu ya Kibokoni tumebaki wawili, mimi na Nasiha. Ana miaka kumi na tisa, anacheza taekwondo katika ukumbi mmoja Ganjoni. Muuza kahawa wa kona yetu humwita Bi Teke, naye humjibu, "Niongeze kahawa basi, lisije likakufikia."

Baada ya Idi aliniambia anafunga, analipa siku zake za Ramadhani. Nikafurahi. Nikawa nampikia mbaazi za nazi na samaki wa kupaka. Yeye akifungua kwa tende na maji tu, husema ameshiba, nami hula peke yangu.

Mwezi wa Mfunguo Mosi ukaisha, ukaingia Mfunguo Pili, bado analipa. Mwanamke akifunga, siku zake za mwezi zikija huacha. Nasiha hakuacha hata siku moja. Nywele zake nikaanza kuziona nyingi kwenye kitana. Nikamkalisha.

"Nasiha, siku zako zi wapi?"

"Mama nawe! Wanihesabia?"

"Nakuuliza."

"Zimekatika. Si mimi wa kwanza. Nikipita kilo arubaini na tisa sipigani."

Kulipa kulikuwa kumekwisha zamani. Alikuwa anajinyima.

Asubuhi nikavaa buibui nikaenda Ganjoni, sikumuaga. Mwalimu wake, Mwende, aliniwekea kiti.

"Mama Nasiha, mimi nilimwambia apunguze soda na vya kukaanga. Sikumwambia asile. Mchezaji asipokula vya kutosha, mwili hujila wenyewe, misuli kisha mifupa. Hedhi kukatika ni dalili mbaya. Ale wali wake, samaki, kunde, matunda, na maji anywe. Kilo zikipanda, apigane na wa hamsini na tatu."

"Na mashindano ya mwezi ujao?"

"Hayo haendi. Kwanza aonwe na daktari."

Jioni Nasiha alirudi kutoka mazoezini, Mwende keshamwambia, akautupa mkoba wake sebuleni.

"Umeniuza, mama."

"Niliogopa, mwanangu."

"Mwaka mzima nayangojea mashindano haya! Na huko kwa wa hamsini na tatu ni majitu, watanivunja."

Niliuokota mkoba, nikauweka kitini.

Daktari alimkuta na upungufu wa damu. Wenzake walipoondoka na basi kwenda mashindanoni, alijifungia chumbani mpaka adhuhuri. Sasa anakula. Uji wa maziwa, mayai, wali, humaliza vyote, na uso umeanza kujaa. Asubuhi hunipa shikamoo, kwa kuwa nilimlea hivyo. Baada ya hapo, hata neno.

Jana nilimuuliza kama samaki amekolea chumvi. Akaitikia kwa kichwa, akanawa, akapanda juu. Punde nikamsikia kwenye simu, anacheka na mtu nisiyemjua. Nikasimama chini ya ngazi mpaka akamaliza.