Sindano Moja Kabla ya Kisu

Kaka yangu alikuwa fundi makochi pale Keko, na ngiri aliipata kwa kubeba makochi hayohayo. Siku ya upasuaji nilimsindikiza mie, maana kwetu mtu wa kupatana bei ni mie, na hospitali naionaga soko tu, ila wauzaji wake wamevaa meupe.

Muda mfupi kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, nesi alimchoma sindano ya mshipa. Nikauliza ya nini.

"Antibayotiki, mama. Kidonda kisije kikaingia vijidudu. Inatakiwa iwe mwilini kabla kisu hakijagusa."

"Na nyingine atachomwa lini?"

"Hakuna nyingine. Kwa upasuaji wake hii inatosha."

"Dada, mie hata fungu la nyanya naongezewa moja."

"Basi nenda kanunue nyanya, mgonjwa nitakuangalizia."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake tukaruhusiwa, tukaambiwa bandeji isiguswe mpaka siku ya kurudi. Mfuko wa dawa niliukagua mara mbili: vidonge vya maumivu, basi. Kwenye bajaji kaka akaniuliza, "Yaani nimechanwa tumbo, natoka na vidonge vya kichwa?"

"Ndivyo walivyosema."

"Wamenipunja."

Pale Keko fundi akijikata na msumeno, inatafutwa kapsuli ya rangi mbili, inafunguliwa, unga unamwagwa kwenye kidonda, kazi inaendelea. Wamefanya hivyo miaka yote na vidole vyao karibu vyote wanavyo, nimewahi kuhesabu. Kwa hiyo waliposikia mwenzao katoka hospitali bila antibayotiki, walimhurumia kwa moyo mmoja na kumletea kapsuli. Naye nyumbani kukamshinda. Akawa anashinda karakana, kusimamia tu.

Nilimkuta huko asubuhi moja kakaa kwenye fremu ya kochi, kaibandua bandeji, ananyunyizia unga juu ya nyuzi. Pembeni mwenzake anapiga randa, vumbi la mbao limejaa hewani.

"Kaka, si walisema usifungue?"

"Walisema hivyo kwa sababu dawa hawakunipa. Mie ninayo."

"Nesi alisema ile sindano ilishafanya kazi yake."

"Nesi yupi? Huyohuyo uliyemwomba nyongeza?"

Akairudisha bandeji ileile, akaibana kwa kiganja.

Kidonda kikavimba, kikatoa usaha. Tukarudi hospitali, daktari akakata nyuzi, akakiacha wazi kiwe kinaoshwa kila siku mpaka kijae chenyewe kutoka ndani. Hakumgombeza. Aliuliza tu ule unga ni wa nini, na kaka, mtu wa maneno yote yale, akatazama ukuta. Kilichukua wiki nyingi. Kilipofunga, nyama ya pale ilikuwa imelegea na ngiri ikarudi. Akakatazwa kunyanyua kitu chochote kizito, na fundi makochi asiyenyanyua ni mteja tu. Nafasi yake pale karakana anayo mwingine.

Juzi nilikwenda kwake Gongo la Mboto kumsaidia kupanga sebule. Kochi kubwa, alilolitengeneza mwenyewe, lilitakiwa lihamie dirishani. Nilipoinama kushika, alisimama mlangoni mikono nyuma. "Kunja magoti," akaniambia, "usinyanyue kwa mgongo, utaumia." Nikakunja magoti.