Kuku wa Karantini

Bwana mifugo wa Ushirombo alikuwa na mazoea yake. Kila alipompanua ng'ombe mdomo kutafuta vidonda, na wake ulifunguka, mpana vilevile, kama mama anayemlisha mtoto uji. Kabla ya hapo lazima amwambie mnyama, "Samahani, mzee," na baadaye ajifute mate kwenye koti lililokuwa jeupe siku alipolipokea. Asubuhi hiyo alikuwa akikagua ng'ombe wa Mama Zipora, wa mahari ya mwanawe, waliotakiwa kufika kwa wakwe Ushetu Jumamosi. Wa saba akamtolea ulimi uliochubuka wote. Bwana mifugo akafumba mdomo wake kwanza, ndipo akaufumba wa ng'ombe.

"Ugonjwa wa miguu na midomo, mama. Kuanzia leo kuna karantini. Hatoki hata ndama."

Mama Zipora alishusha pumzi. Wakubwa wa serikali alikwisha kuwazoea. "Huyo Karantini, anakula kuku?"

Bwana mifugo akafungua kinywa amweleweshe. Wakati huohuo harufu ya mchuzi wa kuku ikatoka jikoni, naye alikuwa ameendesha baiskeli tangu alfajiri bila hata chai. Kinywa kikabaki wazi.

"Anakula," akasema. "Leo amenituma mimi."

Alimla kuku yule mpaka shingo, akafyonza na mifupa, huku Mama Zipora akimwongezea ugali na matumaini. Kisha akanawa, akafunga vifungo vya koti, akapanda baiskeli.

"Karantini ameshukuru sana, mama. Ila bado amekataa."