Mabakuli ya Bibi Ukutani

Mpaka leo nikisikia harufu ya uji wa mchele unaochemka na pilipili manga, hasira hunipanda kabla ya njaa. Mtaniwia radhi. Wenzangu utoto wao huwarudia na raha. Wangu unarudi na mabakuli matano ya kijani, na nikiyakumbuka tu damu inanichemka.

Yalikuwa ya Bibi, mama yake baba yangu. Babu alimnunulia Unguja, dukani kwa Mhindi aliyekuwa akiuza vyombo vya Japani, na Bibi akaja nayo huku Ibra, Omani, ameyafunga ndani ya kanga zake. Rangi yake ilikuwa ya tango lililomenywa. Ukitazama kwa karibu, chini ya ule mng'ao kulikuwa na mistari myembamba kama nywele, nami nikidhani yamepasuka. "Ndivyo yalivyozaliwa," Bibi akinambia. Ukiligonga moja kwa ukucha lilitoa mlio mwembamba uliochelewa kufa, na Bibi hakukubali kutia uji mpaka tuligonge kwanza. Alisema watu wa zamani wakiamini bakuli la namna ile likitiwa sumu hupasuka lenyewe. Basi kila jioni tulipima, halafu tukanywa. Vidole vikapata moto, midomo ikawashwa na pilipili, na sikuijua raha iliyozidi hiyo.

Tulikaa sote nyumbani kwa Ami Salim, kaka yake baba, mfanyabiashara wa vifaa vya kujengea. Ami alikuwa na maradhi mamoja: aliona haya kuwa amezaliwa Unguja. Wageni wakija, ilikuwa marufuku kusema Kiswahili mbele yao. Bibi, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia tu, akawa bubu ndani ya nyumba ya mwanawe.

Alipojenga majlisi mpya, ukumbi wa kupokelea wageni, Ami alikwenda Nizwa akaona msikiti wa zamani ambao mihrabu yake imepambwa kwa mabakuli ya kale yaliyogandishwa kwenye jasi. Kazi nzuri ile, sina neno nayo. Yale yamo katika nyumba ya Mungu. Yeye akarudi na fundi.

"Mama, nipe yale mabakuli yako. Hadha turathi, urithi huu, lazima yakae mahali pa heshima."

"Mwanangu, vyombo vya kulia hivyo. Mie ntanywea nini uji?"

"Yallah, Mama, vyombo vimejaa tele jikoni."

Akayachukua. Fundi akayazika migongo kwenye jasi, manne pembeni na moja katikati, na Bibi akasimama mlangoni anatazama mpaka kazi ikaisha. Ingekuwa ile habari ya sumu ni kweli, yangepasuka yote palepale.

Jioni aliletewa uji katika bakuli la plastiki, lile lililokuja bure na sabuni ya unga. Akaligonga kwa ukucha. Halikulia. Akalisukuma upande wangu. "Kunywa wewe, mwanangu. Mie sina hamu."

Hakunywa uji tena mpaka anakufa. Wakubwa wakasema ni uzee, nami nikaamini. Huku Ami akiwapitisha wageni pale ukutani, na Kiarabu chake amekinyoosha: haya ni ya mababu zetu, ya hapa hapa Ibra. Mababu gani, jamani, na mwenyewe yu hai chumba cha pili, anasikia?

Nilikuja kufahamu baadaye sana, nilipokuwa na jiko langu na vyombo vyangu, kwamba hamu haikumpotea. Bibi alikuwa amegoma. Lugha alishakatazwa, na hilo ndilo neno pekee alilobakishiwa kumwambia mwanawe, naye Ami hakujisumbua kulisikia.

Mwaka huu Ami ameugua, hawezi kutafuna. Nikaenda kumtazama, nikampa shikamoo yake, maana adabu nilifunzwa na Bibi. Walikuwa wamemlaza majlisini, uso umeelekea ukuta ule. Wageni walikuwepo, na mbele yao akanambia kwa Kiswahili, Kiswahili cha mjini Unguja kisicho na kasoro: "Mwanangu, nipikie uji. Ule wa Mama."

Nikampikia. Nilikoroga huku nimeuma meno. Nikamletea katika bakuli la plastiki.

Alilitazama. "Hamna bakuli zuri nyumba hii?"

"Yapo matano, Ami," nikasema, nikamwonyesha ukuta.

Alinyoosha mkono, akaligonga lile la plastiki kwa ukucha, akainamisha sikio kungojea mlio.

Kumbe naye alifunzwa, akiwa mdogo kama nilivyokuwa mimi, kwa mkono uleule. Miaka yote nilikuwa nimemkasirikia mtu ambaye nilidhani hajui alichokichukua. Alikuwa anajua. Nikaweka kijiko kando ya bakuli nikatoka nje, na hasira yangu ikaanza upya.