Mama Hiza Wawili, Hukumu Moja

Mashavu ana wivu. Nalisema mwanzoni kabisa asije mtu akadhani namsengenya, maana hata mwenyewe hakatai. Ukimwambia ana wivu anakujibu, "Sasa nisiwe nao kwa nini, nimeolewa na jiwe?" Tunaishi naye Sindeni, uzio wangu na wake ni mmoja, na kwa muda wote niliomfahamu sijamwona akichoka kuuchunga mji wa mke mwenzake, utadhani yeye ndiye anayeulipia kodi.

Huyo mke mwenza anaitwa Munira na anakaa Segera, pale njia panda ambapo mabasi ya Tanga, Arusha na Dar es Salaam yanapishana. Ana mgahawa. Ana viti vya plastiki vyekundu na friji lenye mlango wa kioo, soda zinaonekana zimejipanga tangu barabarani. Mashavu anaweza asijue bei ya mahindi wiki hii, lakini ukimuuliza Munira amebadilisha pazia lini, atakwambia. Wapanda bodaboda wa Segera wanamletea habari, na yeye anawapa miwa.

Kinachomuuma ni kwamba mahali pale palikuwa pake. Ndiye aliyeanza na kibanda cha chai na maandazi, wakati Mbwana, mume wao, bado anapakia machungwa ya watu kwenye malori. Mbwana alipopata nafuu akanunua shamba Sindeni, akamwambia mkewe arudi kulisimamia kwa kuwa yeye ndiye mwenye akili ya shamba. Mashavu akarudi huku anajisifu. Mwaka haukwisha, tukaelewa maana ya akili ya shamba: kibandani kwake alikuwa amekaa Munira, binti wa Mazinde, kaolewa kwa ndoa halali na hina bado haijafutika mikononi.

Halafu kuna suala la jina. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba. Baba yake Mbwana alikuwa mzee Hiza, kwa hiyo mtoto wa Mashavu ni Hiza na yeye ni Mama Hiza. Munira naye alipojifungua akapata wa kiume, na kwa desturi ileile mtoto akaitwa Hiza. Hakuna aliyekosea. Lakini Mashavu alilia siku ile kuliko alivyolia siku ya ndoa yenyewe. "Mume tumegawana, sawa, dini imeruhusu," aliniambia. "Na jina langu nalo tugawane?" Tangu hapo hajawahi kumwita yule mwanamke Mama Hiza. Anamwita "yule", au "wa Segera", na akiwa amekasirika sana anamwita "hicho kitu".

Sasa ikatokea fremu ya biashara ikawa wazi Segera, ikitazamana na mgahawa wa Munira, barabara tu katikati. Mashavu aliposikia hakulala. Alitaka kufungua mgahawa wake palepale, apike supu na chapati, madereva waone tofauti. Mwenye fremu, mzee Mathias, alikubali kumngojea mpaka mwisho wa mwezi. Mashavu alikuwa na akiba ya mahindi ya misimu miwili, lakini haikutosha kodi na vyombo, tukaenda wote benki Handeni akaombe mkopo.

Binti aliyetupokea aliitwa Glory. Aliingiza namba ya kitambulisho kwenye kompyuta, akasoma, akamtazama Mashavu kwa huruma.

"Mama, hapa inaonekana ulishtakiwa mahakamani kwa deni na ukashindwa. Hukumu ipo kwenye taarifa zako za mikopo na haijafungwa. Hatuwezi kukukopesha."

"Mimi?" Mashavu alicheka. "Binti yangu, mahakamani nimekwenda mara moja tu, kumsindikiza shangazi kwenye mirathi."

Glory akamweleza kwa upole. Aende mahakama iliyotoa hukumu, aombe kuliona jalada. Kama hakupewa wito anaweza kuomba kesi isikilizwe upya. Kama deni limeshalipwa, apeleke ushahidi mahakamani ili iandikwe kwamba limekwisha, kisha waliokopesha wapeleke marekebisho na jina lake lisafishwe. Mimi nilisikiliza yote. Mashavu hakusikia hata neno moja, maana alikuwa keshamwona Munira ndani ya ile kompyuta.

"Ni yule," alisema kabla hatujafika stendi. "Kakopa kwa jina langu. Lile friji umeliona? Lile friji ni mimi!"

Nilimwambia ampigie Mbwana kwanza. Akaniambia Mbwana yuko zamu ya Segera na simu yake anapokea yule, kwa hiyo nisimharibie. Kwa mara ya kwanza tangu fremu itangazwe alikuwa na furaha kabisa. Alikuwa amepata kosa la Munira lenye mhuri wa serikali.

Kesho yake tukaenda kwenye mahakama ya mwanzo iliyotoa hukumu, upande wa Korogwe. Karani alikuwa mama wa makamo, Yuditha, mwenye sauti ya chini na haraka ya kwenda kunywa chai. Akalitafuta jalada, akasoma, akamuuliza Mashavu kama anamfahamu Paulina.

Mashavu alimfahamu sana. Zama zile za kibanda cha maandazi walikuwa na kikundi cha wanawake Segera wakikopa kwa kudhaminiana, kila mmoja akisaini kwa ajili ya wenzake. Mashavu alilipa ya kwake akaondoka kwenda shamba, bila kujitoa kikundini. Paulina akakopa tena kwa saini zilezile, akahama na hakuna anayejua alikokwenda. Waliokopesha wakawashtaki wadhamini.

"Kikundini uliandikwa Mama Hiza. Wito ulipelekwa Segera," alisema Yuditha. "Ukapokelewa na Mama Hiza, mke wa Mbwana. Siku ya kesi hukutokea, hukumu ikatolewa bila wewe."

Mnaona ilivyokuwa. Mpeleka wito alifika Segera akamuuliza Mama Hiza, mke wa Mbwana, na Segera nzima ikamnyooshea kidole Munira. Wala haikumdanganya.

"Kwa hiyo alipokea akakaa kimya," Mashavu alisema polepole, kama mtu anayeonja mboga. "Alitaka nifungwe."

Yuditha alijaribu kumwambia kwamba hakuna wa kufungwa, na kwamba aanze kwa kumuuliza aliyepokea wito. Tulikuwa tumeshafika mlangoni. Nilimfuata kwa sababu mbili, kumzuia asipigane, na kama angepigana, nisikose kuona.

Segera tulimkuta Munira anapakua wali kwa madereva wa malori, Mbwana ametoka. Alipomwona Mashavu aliweka upawa chini akapiga goti kidogo. "Shikamoo, dada."

Mashavu hakuitikia. "Toa friji langu," alisema.

Madereva wakaacha kutafuna. Mashavu akayamwaga yote pale: wito, hukumu, benki, fremu, hila, uchawi pia akautaja ingawa haukuwemo kwenye jalada. Munira alisimama akijifuta mikono kwenye khanga mpaka mwenzake akaishiwa pumzi.

"Umemaliza, dada?" aliuliza. "Friji hili lilikuja kuchukuliwa na dalali wa mahakama kwa ajili yako."

Kisha akaeleza, na alieleza kwa hasira iliyokaa muda mrefu. Mtu alileta karatasi, akasaini kwa kuwa yeye ni Mama Hiza na ni mke wa Mbwana. Akampa mumewe, mumewe akasema achana nayo, ni mambo ya zamani ya kikundi. Miezi ikapita, dalali akaja na vijana, wakaanza kulitoa friji na soda ndani yake. Akalia, akamwambia dalali kwamba yeye siye, dalali akasema jina ni lilelile na nyumba ni ileile. Mbwana hakuwa na kitu mfukoni. Ikabidi Munira auze cherehani aliyopewa na mama yake alipokuwa anatoka Mazinde, akalipa deni lote. Stakabadhi anazo. Kwamba zilitakiwa kupelekwa mahakamani, hakuna aliyemwambia.

"Nikamwambia Baba Hiza, nataka kwenda Sindeni nikamwone dada anieleze. Akanikataza. Akasema nisimwambie Mashavu, ana presha. Haya, wewe una presha. Mimi nina nini? Mimi spea? Mnalala huko Sindeni mnacheka, mimi nashonesha nguo za mwanangu kwa watu wakati nilikuwa na cherehani yangu!"

Nilimtazama Mashavu. Wallahi alikuwa anajizuia kutabasamu. "Alisema nina presha?" aliuliza. "Alisema hivyohivyo?" Mwanamke ameambiwa ameponzwa na saini yake, ameokolewa na mtu anayemchukia, na yeye amelisikia moja tu, kwamba mumewe aliihofia afya yake. Kisha lile lingine likamfikia, uso ukabadilika, akavuta kiti chekundu akakaa.

"Nitakurudishia hela," alisema.

"Hela nitamdai aliyenikataza kusema," Munira alijibu. "Kesho nitakuja mahakamani na stakabadhi, jina lako lisafishwe. Ila nataka kitu. Hapa madereva wananiita Mama Hiza. Mama mkwe ananiita Mama Hiza. Wewe peke yako unaniita yule, na mwanangu anasikia. Utaniita jina langu mbele ya watu."

Mashavu akainuka akatoka. Tulikaa upande wa pili wa barabara, kwenye kibaraza cha fremu ya mzee Mathias, yeye akiitazama ile milango ya bati aliyoitamani mwezi mzima.

"Bora nife na deni," alisema.

"Deni limeshalipwa," nikamwambia.

"Ndilo baya lenyewe." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Angekuwa ameniibia ningelala usingizi leo. Sasa nitamchukia kwa lipi?"

Nikamshika mkono, tukaenda kutafuta gari la kurudi Sindeni.

Asubuhi tulimkuta Munira ametutangulia mahakamani, amevaa baibui safi, stakabadhi amezikumbatia kifuani kama mtoto. Chumba kilikuwa na watu wengi, kila mtu na shida yake. Yuditha alifungua jalada, akasikiliza maelezo, akauliza, "Aliyelipa deni hili ni nani?"

Munira angeweza kusema mwenyewe, hakusema. Mashavu alitazama dari, akatazama viatu vyake, akanitazama mimi nimsaidie, nami nikajifanya nasoma tangazo ukutani. Yuditha akarudia swali.

"Ni huyu," alisema Mashavu.

"Huyu nani?"

"Mama Hiza."

"Si Mama Hiza ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Mashavu kwa sauti iliyogeuza benchi zima. "Na huyu naye ni Mama Hiza. Ndiye aliyelipa."

Munira akazitoa zile karatasi kifuani akazikabidhi. Yuditha akaandika kwamba deni limekwisha, akampelekea hakimu asaini, akatupa nakala ya kuwapelekea waliokopesha, akatuonya kwamba kusafishwa kwa jina kutachukua wiki kadhaa. Fremu ya mzee Mathias ilikuwa na siku chache tu. Nilimwonea huruma, lakini Mashavu alikuwa anafikiria mengine.

Nje alimwuliza Munira, bila kumtazama, "Hiyo cherehani ulimwuzia nani?"

"Fundi mmoja, yuko karibu na stendi hapahapa Korogwe. Kwa nini, dada?"

Hakujibiwa. Mashavu alishika njia kuelekea stendi, sisi nyuma yake. Fundi alipoona mtu ana shida akapandisha bei kuliko aliyonunulia, Mashavu akamtukana, kisha akafungua pindo la khanga akamhesabia ile akiba ya mahindi ya misimu miwili, karibu yote. Munira alisimama pale akilia waziwazi.

Nilimvuta Mashavu pembeni. "Na fremu je? Ndiyo hela yako ya fremu hiyo, una kichaa?"

"Fremu zipo," alisema kwa ukali. "Ulitaka niende na deni lake mpaka kaburini? Mume kamchukua. Kibanda kakichukua. Jina nimempa mwenyewe leo, mbele ya watu. Na wema nao auchukue wote yeye peke yake, yule—"

Akajikatiza. Akageuka kumtazama mwenzake aliyekuwa anafuta vumbi kwenye cherehani kwa baibui lake safi.

"Mama Hiza," aliita. "Shika upande huo, ni nzito."